Shajara ya mradi: kumfundisha Doria kutulia kwenye baraza la mgahawa

Ninaiweka shajara hii kwa ajili ya mwenye mbwa ambaye angependa kukaa naye nje ya mgahawa bila kuwaharibia wengine siku yao. Doria ni jike wa miaka mitatu, kilo 24, kimo cha goti. Alilelewa alinde nyumba, na hadi mwaka huu kazi aliyoijua ni kubweka geti linapogongwa. Lengo nililojiwekea ni dakika 60 chini ya meza: amelala, kamba imelegea, hakuna jirani anayelalamika, na yeye mwenyewe awe ametulia kweli, si kwamba amejikunyata kwa woga. Hilo la mwisho ndilo lililokula muda mwingi kuliko yote. Kila hatua ikikamilika, naandika.

12 Januari: Pa kuanzia

Jaribio la kwanza lilikuwa mwezi uliopita na lilidumu dakika nne. Nilimchukua tu, nikaenda. Mhudumu alipokuja na trei, Doria akasimama na kubweka, mama wa meza ya pili akamnyanyua mtoto wake, nami nikaondoka nikiomba radhi hadi getini. Nyumbani niliandika vitu vyote vilivyomkuta kwa mpigo bila kuwahi kuvizoea hata kimoja: trei inayopita juu ya kichwa chake, kiti cha chuma kinachoburuzwa sakafuni, watu wanaotokea nyuma yake, chakula kilichowekwa usawa wa pua yake. Nilimpa mtihani wa darasa ambalo hajasoma.

Wiki hii ni maandalizi tu. Daktari wa mifugo amekagua chanjo zote: kichaa cha mbwa, parvo, distempa, kikohozi kile kinachoambukiza panapokusanyika mbwa wengi, na leptospirosisi, yaani homa ya mgunda, ambayo huenea kwa mkojo na kwa maji yaliyoingiwa na mkojo. Kwa sababu ya hayo mawili ya mwisho, bakuli la maji linalowekwa mlangoni kwa ajili ya mbwa wote hatutalitumia. Nimenunua la kwetu, la kukunja. Mwenye mtoto wa mbwa asubiri amalize chanjo za mwanzo, ambazo kwa kawaida huishia wiki ya 16 hivi. Kabla ya hapo ambebe mikononi aone watu na kusikia sauti, asimshushe sakafuni.

9 Februari: Mkeka, na siku 12 zilizopotea

Mazoezi ya mkeka sitayaeleza kwa kirefu. Unatandika mkeka mdogo, mbwa akilala juu yake anapata punje ya chakula chake kikavu, ukiukunja hapati kitu. Siku ya tatu Doria alikuwa akiukimbilia.

Kosa langu lilijionyesha baadaye. Nilikuwa nampa punje kila aliponitazama. Kwa macho alionekana mwanafunzi hodari: amelala, ananikazia macho, masikio yamesimama. Lakini nikifungua kitabu nikasoma dakika tano tu, alianza kulia kwa sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, kisha akanyoosha mguu na kunigusa goti. Nilikuwa nimemfundisha kufanya kazi, na mbwa aliye kazini hudai malipo. Saa nzima hataiweza.

Nikaacha kumwita, nikaacha kumsifu kwa sauti. Punje nikawa naiweka katikati ya miguu yake ya mbele, polepole, bila neno, pale tu nilipoona kidevu kimegusa mkeka, au pumzi ndefu imetoka puani, au nyonga imelala upande mmoja. Hiyo ya nyonga ndiyo ya kuangalia kuliko zote. Mbwa aliyelala huku miguu ya nyuma yote miwili imejikunja chini yake anaweza kuruka sasa hivi. Aliyelalia nyonga moja lazima kwanza ajikusanye, na sekunde hiyo moja inakutosha kushika kamba. Siku hizi nikimtazama Doria naanzia nyuma, sianzii usoni.

Gharama: siku 12 za kufundisha kisichotakiwa, kisha wiki nzima ya kumwondolea tabia ya kulia.

23 Februari: Sauti ya kiti

Hapa nilimkosea mbwa wangu na bado naumia nikikumbuka. Doria akiwa kwenye mkeka sebuleni, niliburuza kiti cha chuma hatua mbili tu kutoka alipolala. Aliruka, akaenda chini ya kitanda, akakaa huko mpaka jioni. Kesho yake hakutaka hata kuukanyaga mkeka. Wiki nne za kazi zilikatika kwa mburuzo mmoja.

Ule mkeka niliuweka kabatini. Nilianza na mwingine, wa kitambaa tofauti, chumba tofauti. Mume wangu aliburuza kiti vyumba viwili mbali, mlango umefungwa, na mimi nikaweka punje mara tu sauti ilipokwisha. Utaratibu huo haugeuzwi: sauti kwanza, chakula kinafuata. Chakula kikitangulia, chakula chenyewe kinakuwa dalili kwamba kelele inakuja, na mbwa ataanza kuogopa mkono wako. Kila baada ya siku moja tulisogeza kiti karibu kidogo. Sikio likigeuka na mwili ukabaki umelala, tunaendelea. Akiinua kichwa na kuacha kula, tumekwenda mbali mno na tunarudi nyuma.

Trei, vijiko na mtu anayepita nyuma havikutusumbua. Siku tatu, basi.

16 Machi: Ng'ambo ya barabara, na kuomba ruhusa

Tumekaa kwenye benchi ng'ambo ya mgahawa mara sita, kila mara tukisogea. Kipimo changu ni tumbo lake: Doria asipopokea punje anayoipenda, si kwamba ameshiba, ana hofu au ana jazba. Tulianza kama mita 30, tukamalizia mita nane.

Ruhusa niliomba kwa simu kabla ya kumpeleka. Sehemu mbili zilikataa, nami nilishukuru na kukata simu bila kubishana, maana jikoni ni kwao na wateja ni wao. Ya tatu mazungumzo yalikuwa hivi:

"Mbwa mkubwa, dada?"

"Wa kimo cha goti."

"Akibweka je?"

"Akibweka mara ya pili naondoka, hata kama chakula kimeshaletwa."

Alikaa kimya kidogo. "Basi njoo saa nne asubuhi, hakuna watu wengi. Wateja wakilalamika, itabidi tuzungumze tena."

Mgahawa wenyewe haukuwa na masharti yaliyoandikwa, kwa hiyo nilitafuta ya kwingine nijifunze. Sheria ya California, iliyoanza kutumika mwaka 2015, ilinisaidia sana kwa sababu kila sharti lina sababu unayoiona. Mbwa aingie barazani kwa njia ya nje, asikatizwe ndani. Asipande kiti wala benchi. Akipewa chakula au maji na mgahawa, iwe kwenye chombo cha kutumika mara moja na kutupwa, si sahani za wateja. Mhudumu anayeshika chakula asimguse mbwa. Mwaka 2022 mwongozo wa taifa wa usalama wa chakula huko Marekani nao ulifungua mlango kwa mbwa wa nyumbani kwenye sehemu za kulia za nje, pale mamlaka ya eneo inaporidhia. Nimeyachukua masharti yote kuwa yetu hata pale ambapo hakuna anayetudai.

Jambo moja sitalifanya: kumvisha Doria koti la mbwa wa kuongoza wasioona ili nisiulizwe. Mbwa wale wana haki ya kuingia kwa sababu mtu anawategemea kutembea. Kila mbwa wa bandia anayeleta fujo humwongezea maswali mtu asiyeona mlangoni.

23 Machi: Dakika 12

Mara ya kwanza halisi. Meza ya kona, ukuta nyuma yetu, mbali na mlango wa jikoni na njia ya kwenda msalani. Doria kati ya miguu yangu na ukuta. Niliagiza kinywaji tu, nikalipa kilipoletwa ili niweze kuinuka wakati wowote. Dakika ya 12 alikuwa bado ametulia, na hapo ndipo nilipoondoka. Ukisubiri mpaka achoke, kumbukumbu atakayorudi nayo nyumbani ni ya kuchoka.

30 Machi: Meza

Nilitaka mikono yote miwili nitafute pochi mkobani. Nikapitisha kitanzi cha kamba kwenye mguu wa meza, kwa dakika moja tu, nilijiambia. Paka akakatiza.

Meza ilikuwa ya alumini, nyepesi. Doria alipoinuka, meza ikamfuata. Meza ilipomfuata ikapiga kelele, na kelele ikamfanya akimbie zaidi, na alivyozidi kukimbia ndivyo meza ilivyozidi kumfukuza. Hatua sita. Glasi mbili na sahani moja zilivunjika, kahawa ikamwagikia suruali ya bwana wa meza ya jirani. Nilimkuta Doria amebanwa kwenye kona na meza imemlalia kamba, anatetemeka, mkia tumboni, sakafu yote ina vipande vya glasi. Nilimbeba, kilo 24 zote, asikanyage. Nilikagua nyayo moja baada ya nyingine, nikipapasa katikati ya vidole. Hakukatwa. Mtoto angekuwa amekaa upande ule, ningekuwa naandika habari nyingine.

Nililipia vyombo, nikamlipia yule bwana dobi, nikasaidia kufagia. Msimamizi alisema tu, "Dada, usimfunge tena kwenye meza yangu." Kumfunga kwenye kiti ni balaa hilohilo.

Kilichobadilika: kamba ni ya mita 1.8, ya urefu usiobadilika. Zile za kujikunja zenye kitufe hazifai barazani kabisa, maana mbwa anafika meza ya tatu kabla hujabonyeza. Inafungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, na ncha ya pili iko kwenye mshipi kiunoni mwangu. Sehemu ya katikati naikanyaga, nikiacha ulegevu wa kumwezesha kusimama na kugeuka tu. Akiruka, anavuta mwili wangu, si fanicha.

Siku mbili zilizofuata hatukufanya mazoezi yoyote. Mbwa aliyeshtuka vile habaki na mshtuko wa dakika tano tu. Ukimrundikia jambo jingine dogo juu yake, dogo hilo linamlipua. Kisha tulirudi kwenye benchi ng'ambo ya barabara. Gharama halisi ya kitanzi kile ni wiki mbili.

13 Aprili: Mpira

Watu husema mbwa aliyechoka ndiye mbwa mtulivu. Nilimrushia mpira dakika 40, nikampeleka moja kwa moja barazani. Alihema dakika 25, macho yamemtoka, kila kinachosogea kwake ni mpira. Alikunywa bakuli zima la maji, na muda si mrefu akachuchumaa kando ya chungu cha maua. Nilimwambia mhudumu kabla hajaona mwenyewe, nikapangusa kwa karatasi, nikamwagia maji ya chupa niliyokuja nayo, nikamwomba asitumie dawa yenye amonia hapo, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo na inaweza kumwalika mbwa mwingine.

Juzi nilijaribu kinyume chake: dakika 40 za matembezi ya polepole, kamba imelegea, anusa kila anachotaka, na dakika mbili za mwisho kwenye majani ajisaidie. Alilala ndani ya dakika mbili. Nimerudia jana na leo, jibu ni lilelile. Mpira umehamia siku ambazo hatuendi popote.

20 Aprili: Mzee na mfupa

Leo dakika 30. Meza ya jirani alikaa mzee mwenye sauti ya upole. Tulisalimiana, nikamwamkia, akauliza jina la mbwa. Baadaye nikaona mkono wake umeshuka chini ya meza na mfupa.

"Samahani baba, tafadhali usimpe."

"Huyu ana njaa, mwanangu. Angalia macho."

"Macho hayo anayo hata akitoka kula. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, unaweza kumtoboa utumbo."

"Zamani sisi walikula hivihivi."

"Kweli baba. Na waliokufa tulisema wamelogwa au wamepewa sumu."

Akacheka, akaurudisha sahanini, akaniuliza kingine kisichofaa. Nimwandikie hapa kila mwenye mbwa, kwa kuwa vyote hivi huanguka chini ya meza: kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo, chokoleti hugonga moyo na mishipa ya fahamu, xilitoli, ile inayotia utamu kwenye vitu visivyo na sukari, hushusha sukari ya mbwa kwa kasi, na pombe, hata ile ya kulamba sakafuni. Sasa nikifika, kabla ya kutandika mkeka nainama na kupitisha macho chini ya meza nzima. Wiki hii nimeokota mfupa na vijiti viwili vya meno.

Jambo jingine la leo. Msichana mmoja alikuja na mama yake, akamwona Doria, akaganda. Sikumwambia kwamba hang'ati. Maneno hayo hayamsaidii mwenye hofu, na hakuna mbwa ambaye mwenye naye anaweza kuapa hivyo. Nilikunja mkeka tukahamia kona ya mbali. Wako wanaoogopa, wako wenye mzio, wako ambao dini yao inawafanya waepuke mate ya mbwa. Hao wamekuja kula. Mimi ndiye niliyekuja na mradi, kwa hiyo mimi ndiye ninayehama.

4 Mei: Kitu cha kutafuna

Nilidhani nimepata ufumbuzi wa dakika ya 30 kwenda mbele: kitu kigumu cha kutafuna. Doria alitulia kabisa, mpaka mbwa mwingine alipopitishwa hatua moja kutoka kwenye mkeka. Hakubweka. Aliacha kutafuna, akakakamaa juu ya kile kitu, weupe wa jicho ukatokea pembeni, kisha mngurumo mdogo wa chini. Niliingiza mguu kati yao na kumwomba yule kijana aendelee na safari. Alikuwa na haki ya kupita. Kosa lilikuwa langu kuweka mali ya kupigania mahali penye wapitao.

Sikumkaripia kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuruka hatua hiyo na kung'ata kimyakimya.

Vya kutafuna vimebaki nyumbani. Barazani napaka chakula laini kidogo kwenye mkeka wenyewe wenye vinundu, analamba, kinaisha, hakuna cha kulinda. Na mbwa wengine hatusalimiani nao hapo, hata wale wapole. Kamba mbili na viti vinne havina nafasi ya salamu.

18 Mei: Joto

Tumegeukia mlangoni. Niliweka mgongo wa mkono sakafuni nikahesabu. Sekunde saba, kipimo changu cha sakafu isiyomchoma, sikuzifikisha. Mbwa hupoa kwa kuhema, jasho lake ni la nyayo tu, na kumlaza kwenye saruji ya namna hiyo ni kumchoma. Kivuli kilikuwepo, lakini kingehama kabla ya nusu saa.

1 Juni: Baa, kisha dakika 60

Wiki iliyopita tulijaribu baraza la baa, jioni, kwa ruhusa. Muziki ulisikika hadi miguuni kupitia sakafu. Watu wawili waliinama juu ya uso wake bila kuuliza, mmoja akiwa na glasi iliyoinama pia. Doria hakufanya kosa lolote. Alipiga miayo mara tatu mfululizo, akajilamba midomo ilhali hakuna chakula, akageuza kichwa ukutani, nyonga zote mbili zimekaa sawa chini yake. Dakika ya 18 niliacha kinywaji nusu tukaondoka. Mtu angesema alifaulu, kwa kuwa alinyamaza. Kwangu mimi alikuwa anavumilia, na sikumfundisha miezi yote hii ili avumilie. Baa za jioni nimezifuta. Nikienda, naenda peke yangu.

Leo tulirudi mgahawani, saa nne asubuhi, kona yetu. Matembezi ya kunusa dakika 40, macho chini ya meza, mkeka, mguu juu ya kamba. Kiti kiliburuzwa nyuma yake mara mbili. Sikio liligeuka, mwili haukusogea. Dakika ya 47 nikadhani tumefika mwisho, maana alijikusanya na kuinuka. Alizunguka mara moja, akajiangusha, akalalia nyonga ya upande wa pili na kuvuta ile pumzi ndefu.

Ilipotimia 60 nilikuwa nimeshalipa. Nilisubiri mhudumu apite na trei, tukatoka kwa geti la nje.